Harvey Firestone: Mtu Aliyeupandisha Mzigo Juu ya Upepo

Muhula uliopita palizuka ubishi katika shule yetu juu ya pikapu ya shule. Kila Jumamosi gari hili huenda sokoni kuleta mahindi, maharagwe na matoke, na kila Jumamosi lilikuwa likirudi limechutama kwa nyuma kama mbwa aliyeketi, pua juu, taa zake zikimulika matawi ya miembe badala ya barabara. Dereva wetu alitaka yaongezwe majani ya springi. Bwana Mweka Hazina alikuwa ameona dukani mifuko ya mpira ya kutiwa upepo, ambayo hufungwa nyuma kati ya ekseli na fremu ya gari, nayo ikampendeza sana. Lakini mifuko hiyo ni ya namna nyingi na bei mbalimbali, wala hapakuwa na mtu aliyejua ipi itufaayo. Mwalimu wetu wa fizikia akanituma maktabani nikatafute asili yake, maana yeye huona kwamba mtu hachagui chombo vizuri asipojua kilitokea wapi. Huko ndiko nilikokutana na habari za Harvey Firestone.

Wasomaji wengi wameliona jina hilo limechorwa ubavuni mwa tairi. Mimi mwenyewe nalidhani ni jina la mji, au la aina ya mpira. Kumbe lilikuwa jina la mtoto wa mkulima.

Harvey Samuel Firestone alizaliwa tarehe 20 Desemba 1868, katika shamba karibu na mji mdogo wa Columbiana, jimbo la Ohio, Marekani. Baba yake aliitwa Benjamin na mama yake Catherine, nao walikuwa na watoto wa kiume watatu, yeye akiwa wa pili. Shamba lao lilikuwa la nafaka na mifugo, na mzee Benjamin alikuwa hodari wa kununua na kuuza farasi. Mtoto alifuatana naye minadani, akajifunza kutazama mnyama tangu kwato hata meno kabla ya kutaja bei, na kutofanya haraka mbele ya mwuzaji mwenye haraka. Elimu yake haikuwa kubwa. Alimaliza shule ya Columbiana, akasoma kwa muda mfupi mambo ya biashara katika mji wa Cleveland, kisha akafanya kazi ndogo ndogo za kuandika hesabu na kuuza bidhaa.

Baadaye aliingia katika kampuni ya kutengeneza magari ya farasi, ambayo jamaa yake mmoja alikuwa miongoni mwa wenyewe. Wakampeleka Detroit. Siku hizo gurudumu lilikuwa la mti, nalo limezungushiwa ukanda wa chuma, na barabara za mjini zilitandikwa mawe. Aliyepanda gari la namna hiyo alihesabu kila jiwe kwa uti wa mgongo wake. Firestone akalitia gari lake mwenyewe mpira mgumu badala ya chuma, akawa anapita mitaa ya Detroit bila makelele, watu wakigeuka kumtazama. Akaona kwamba watu hawanunui gari tu, wananunua raha ya kukaa ndani yake. Ilikuwa katika mji huo huo wa Detroit alipojuana na fundi mmoja aliyekuwa akihangaika na gari la mota, jina lake Henry Ford. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba wale vijana wawili wangefaana namna ile.

Katika mwaka wa 1895 alimwoa Idabelle Smith. Mwaka uliofuata kampuni ya magari ya farasi ilianguka, na kazi yake ikaanguka pamoja nayo. Basi akaenda Chicago, akafungua duka la mipira ya magurudumu kwa fedha za kushirikiana na wengine, akafanya kazi miaka mitatu, akauza fungu lake mwaka wa 1899 kwa zaidi ya dola 40,000. Kwa kijana wa miaka thelathini fedha hizo zilitosha kumfanya astarehe, lakini yeye alizichukua akaenda nazo Akron.

Akron ni mji wa Ohio pia, si mbali sana na nyumbani kwao. Ulikuwa umekwisha kuwa mji wa mpira: Goodrich alikuwako tangu miaka ya 1870, na kampuni ya Goodyear ilianza pale mwaka wa 1898. Mgeni aliyefika huko mwaka wa 1900 kuanzisha kampuni nyingine alionekana mtu wa kupeleka chumvi baharini. Hata kiwanda hakuwa nacho. Alikuwa na haki ya uvumbuzi wa njia moja ya kuufunga mpira mgumu katika rimu usichopoke, akanunua mpira kwa wengine na kuufunga. Baada ya miaka kama miwili wakapata jengo kuukuu lililokuwa la kuyeyushia chuma, wakaingiza mashine zilizokwisha kutumika, na wafanyakazi kumi na wawili wakaanza kutengeneza mpira wao wenyewe.

Hapa yafaa tutaje jambo moja, maana wengine hudhani Firestone ndiye aliyevumbua tairi la upepo. Siye. Mskoti Robert William Thomson alikuwa ameandikisha uvumbuzi huo tangu 1845, ukasahauliwa; na mwaka wa 1888 daktari wa wanyama John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, aliugundua upya alipokuwa akiitengeneza baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Kazi ya Firestone ilikuwa nyingine: kumwondoa mteja katika mashaka ya upepo, na kumtwika upepo mzigo mkubwa zaidi kila mwaka.

Nafasi yake ilikuja mwaka wa 1906. Ford alitaka kutengeneza magari mengi ya bei nafuu, naye akahitaji tairi za upepo. Matairi ya wakati huo yalikuwa na ukingo wa kujipachika katika mdomo wa rimu, na wenye haki ya uvumbuzi huo walikuwa wamejiunga pamoja, wakaamua nani aruhusiwe kutengeneza na kwa kiasi gani. Firestone aliomba ruhusa, akanyimwa. Basi akatengeneza tairi la namna nyingine, lenye ubavu ulionyoka na kingo zisizohitaji mdomo ule, akampelekea Ford. Ford akaagiza seti 2,000. Agizo hilo moja liliitoa kampuni katika udogo. Mwaka wa 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, mshindi Ray Harroun alikuwa na matairi ya Firestone, na tangu hapo kila kijana mpenda magari wa Marekani alilijua jina hilo.

Sasa nitasimama kidogo kueleza jambo la fizikia, kwa kuwa ndilo lililomshughulisha mtu huyu maisha yake yote, na ndilo lililotushughulisha sisi na pikapu yetu. Upepo uliofungwa husukuma pande zote sawasawa. Kipimo cha msukumo wake mpaka leo husomwa kwa ratili, yaani paundi za uzito, juu ya kila inchi ya mraba. Ukiwa na mfuko ambao eneo lake la kubebea ni inchi za mraba 20, nao umetiwa upepo wa ratili 50, mfuko huo unabeba 20 mara 50, yaani ratili 1,000. Ukitaka kubeba uzito huo huo kwa upepo wa nusu yake, huna budi kuongeza eneo mara mbili. Ama ujaze sana kitu chembamba, ama ujaze kidogo kitu kinene. Hakuna njia ya tatu.

Matairi ya kwanza yalikuwa membamba, na upepo wake ulizidi ratili 50. Yalikuwa magumu kama mti. Katika mwaka wa 1923 kampuni ya Firestone ilitoa kwa wingi tairi nene lenye upepo mdogo, lililofananishwa na puto. Watu wengine walicheka sura yake. Lakini liliketi juu ya barabara kwa eneo kubwa, likayala mawe badala ya kuyaruka, na baada ya miaka michache magari karibu yote yalikuwa na matairi ya jinsi hiyo.

Tena palikuwa na habari ya malori. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli za Marekani zilisongamana, mizigo ikalala vituoni. Firestone mwaka wa 1918 alianza kuwahimiza watu wapeleke mizigo kwa lori, na kuwataka wenye serikali wajenge barabara nzuri. Ni kweli kwamba alikuwa na faida yake katika shauri hilo, wala hakuificha. Lakini alikuwa mtoto wa shamba, akajua maana ya mazao kuoza kwa kukosa njia. Zaidi ya hayo, lori la matairi ya mpira mgumu lilikuwa linaipiga barabara kama nyundo, na hivyo kila hoja yake ya barabara ilirudi tena kwenye upepo.

Isidhaniwe kwamba mambo yalimwendea sawa sikuzote. Mwaka wa 1920 biashara ilianguka ghafula, na kampuni ikakutwa na deni la dola milioni 43. Firestone alirudi kutoka safari, akakata bei za matairi kwa robo nzima, akapunguza watu, akauza usiku na mchana mpaka deni likapungua. Waliopunguzwa, nao walikuwa na watoto, wametajwa kwa uchache katika vitabu nilivyosoma.

Nafikia sasa mlango wa maisha yake unaotuhusu zaidi sisi Waafrika. Mpira wenyewe ulitoka wapi? Kwa wakati ule sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka Malaya, Ceylon na nchi za jirani zake, chini ya Waingereza na Waholanzi. Bei ilipoanguka, Waingereza katika mwaka wa 1922 waliweka sheria ya kupunguza mpira uliotolewa nje, na kufikia 1925 ratili moja ya mpira, ambayo ilikuwa chini ya senti 20, ilipita dola nzima. Wenye viwanda wengine wa Marekani walinung'unika. Firestone aliamua kupanda mipira yake mwenyewe. Akatuma watu kutazama Mexico na Ufilipino, na mwishowe Liberia.

Liberia ilikuwa nchi huru, moja kati ya nchi chache sana za Afrika zilizokuwa huru wakati huo, lakini hazina yake ilikuwa tupu na madeni yake yalikuwa mengi. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka wa 1926. Firestone alipewa haki ya kukodi ardhi mpaka eka milioni moja kwa miaka 99, kwa senti 6 za dola kila eka kwa mwaka. Pamoja na hayo serikali ilichukua mkopo wa dola milioni 5 uliotokana na upande wake, na masharti ya mkopo yakawaleta Wamarekani kusimamia mapato ya nchi. Mji wa shamba hilo ukaitwa Harbel, jina lililofumwa kwa majina mawili, Harvey na Idabelle. Ni shamba lililoandikwa kuwa kubwa kuliko yote ya mipira duniani.

Wanafunzi wenzangu watanivumilia nikisema kwamba nilipofika hapa nilikiacha kitabu kwa siku mbili. Senti sita! Na mipira hupandwa na watu, hupaliliwa na watu, hugemwa alfajiri na watu. Watu hao walipatikanaje? Mwaka wa 1930 Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, lilipeleka Liberia tume ya watu watatu, Mwingereza, Mmarekani na Mliberia, kuchungua habari za kazi za shuruti. Tume iliona kwamba wakubwa wa serikali walikuwa wakiwalazimisha watu wa bara kufanya kazi za barabara bila malipo, na kuwapeleka wengine kwa nguvu kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa leo Bioko. Juu ya Firestone, tume haikuona kwamba kampuni iliwatumia kwa kujua watu walioshurutishwa. Lakini iliona kwamba watu waliopelekwa shambani kwa mikono ya serikali hawakuwa na uhuru wa kweli wa kukataa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Rais Charles King alijiuzulu, na makamu wake pia.

Kisha bei ya mpira ikaanguka kabisa. Mwaka wa 1932 ratili moja ilifika kama senti 3, na Liberia ikasimamisha kulipa mkopo wake. Firestone hakuacha shamba. Miti iliyopandwa ilikua, ikagemwa, na katika Vita vya Pili, baada ya Wajapani kuiteka Malaya mwaka wa 1942, mpira wa Liberia ukawa tunu kwa Marekani na wenzake. Lakini hayo hakuyaona.

Mimi simhukumu kwa sheria za leo. Nasema tu kwamba mtu aliyejua sana kupima uzito unaobebwa na tairi alikuwa na uzito mwingine usiosomwa katika kipimo chochote cha Akron.

Watu wa kwao walimjua zaidi kwa safari zake za kambini. Kwa miaka kadhaa, kati ya 1915 na 1924, yeye na Ford na Thomas Edison, yule wa taa ya umeme, walikuwa wakisafiri pamoja kwa magari katika milima na misitu ya Marekani, na mara nyingi yuko nao mwandishi wa mambo ya viumbe, mzee John Burroughs. Mwaka wa 1921 hata Rais Harding alijiunga nao. Walilala katika mahema, lakini ni mahema yenye wapishi na umeme, na wapiga picha nyuma! Katika mazungumzo yao lilizaliwa shauri la kutafuta mmea wa Marekani utoao mpira. Edison alijaribu maelfu ya mimea mpaka akachagua mmoja wa majani ya porini, na Firestone akatengeneza matairi machache kwa mpira wake. Biashara haikutokea.

Nyumbani alikuwa na watoto sita, wanaume watano na binti mmoja. Mjukuu wake Martha aliolewa mwaka wa 1947 na William, mjukuu wa Henry Ford. Kwa wafanyakazi wake alijenga mtaa wa nyumba Akron, na walinunua hisa za kampuni kwa masharti mepesi. Hata hivyo ni katika kiwanda chake, mwezi wa Januari 1936, ambako wajenga matairi waliona kasi ya kazi imezidi, na mwenzao wa chama amesimamishwa kazi. Wakazima mashine zao, wakakaa chini papo hapo. Walikaa zaidi ya siku mbili mpaka wakasikilizwa. Mgomo wa kuketi namna hiyo ulienea katika viwanda vya matairi vya mji huo, na baadaye katika viwanda vya magari vya nchi nzima.

Uzeeni alirudia jambo lake la kwanza. Mwaka wa 1932 aliacha urais wa kampuni, akabaki mwenyekiti. Katika shamba lile lile la Columbiana alijaribu trekta lenye matairi ya upepo, wakati ambapo matrekta yalikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno. Likalima upesi zaidi, tena bila kumtikisa mpanda. Na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 mafundi wa kampuni yake walianza kujiuliza kwa nini upepo ukae katika gurudumu tu. Kwa nini usiwekwe juu ya ekseli, mahali pa springi ya chuma? Wakatengeneza mifuko ya mpira wenye nyuzi ndani yake, kama tairi lilivyo, wakaifunga katika magari ya kujaribia kati ya 1935 na 1939. Magari yalikwenda vizuri, lakini springi za chuma nazo zilikuwa zimetengenezwa upya kwa bei ndogo, basi wenye viwanda wakaziacha zile za upepo.

Harvey Firestone alikufa usingizini tarehe 7 Februari 1938, huko Miami Beach, Florida, akiwa na miaka 69. Alizikwa Columbiana.

Mifuko ya upepo iliendelea bila yeye. Mwaka wa 1944 ilijaribiwa katika mabasi, na tangu 1953 mabasi makubwa ya safari za Marekani yakaanza kutengenezwa nayo. Leo yako malori na mabasi mengi yasiyo na springi nyingine nyuma. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Wajapani wa Bridgestone mwaka wa 1988. Hata Nairobi palikuwa na kiwanda cha matairi kilichoanza mwaka wa 1969 kwa jina la Firestone. Kazi ya kutengeneza matairi ilikoma pale mwaka wa 2016.

Basi nilirudi kwa dereva na Bwana Mweka Hazina na daftari langu. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba mifuko hii ya pikapu haichukui mahali pa springi za majani, inazisaidia tu. Gari linalobeba mzigo mmoja kila siku lafaa kuongezwa jani. Gari ambalo leo limejaa na kesho ni tupu lafaa mifuko, kwa kuwa jani la chuma haliwezi kupunguzwa siku ya safari ya bure, bali upepo waweza kutolewa. Dereva, ambaye huumia mgongo Jumatatu gari likiwa tupu, aliacha upinzani wake hapo.

Tukatazama namna za mifuko. Iko mifupi minene iliyokunjwa kama mafundo mawili ya mua. Eneo lake ni kubwa, hivyo hubeba mzigo mzito kwa upepo mdogo, lakini nafasi yake ya kupanda na kushuka ni fupi. Iko pia mirefu myembamba, inayojikunja juu ya kiti chake kama soksi inavyovuliwa. Hiyo ni laini zaidi na huenda masafa marefu, ila hutaka upepo mwingi kwa mzigo ule ule. Kwa barabara zetu zenye mashimo, ambapo gurudumu huzama na kuinuka sana, tuliona mirefu inafaa, kwa sharti kwamba tusiifikishe kwenye mwisho wa kipimo chake.

Palikuwa na swali la mabomba. Bwana Mweka Hazina alipenda bomba moja linaloigawia mifuko yote miwili, kwa kuwa ni rahisi. Lakini gari likikata kona, uzito huelemea upande mmoja, upepo wa upande huo hukimbilia upande wa pili, na gari hulala zaidi. Tukachagua kila mfuko uwe na bomba lake na mdomo wake wa kujazia, kama ule wa tairi. Mashine ya upepo ya kukaa ndani ya gari tuliiacha. Pampu ya kituo cha mafuta inatosha. Fundi akapima pia nafasi, gari likiwa limeinuliwa hata magurudumu yananing'inia, na tena likiwa limeshindiliwa, ili mfuko usiguse bomba la moshi wala bomba la breki. Akatuonya tusiuache mfuko mtupu kabisa hata siku moja; angalau ratili 5 zibaki, la sivyo mpira hubanwa katika mikunjo yake ukapasuka.

Hata hivyo mwalimu wa fizikia hakuruhusu fedha zitolewe mpaka gari lipimwe. Jumamosi moja likapelekwa kwenye mizani ya barabarani likiwa limejaa kama kawaida yake. Kibati cha mlangoni kilisema uzito wote usizidi kilo 2,750. Mizani ikasoma 3,200. Mifuko ingeuinua mwili wa gari, taa zingerudi barabarani, na kila mtu angeridhika. Lakini ekseli, breki na matairi yangebeba zile kilo 450 za ziada vile vile kama zamani, na safari hii bila ishara yoyote ya nje. Yalishushwa magunia matano ya kilo 90. Siku hizi pikapu huenda sokoni mara mbili, na Bwana Mweka Hazina hulalamikia mafuta.

Mifuko ilinunuliwa hata hivyo, kwa sababu hata kwa mzigo wa halali sehemu ya nyuma ilikuwa ingali ikilala. Dereva ameandika hesabu zake kwa chaki upande wa ndani wa mlango: ratili 25 mzigo ukiwamo, 8 gari likiwa tupu. Upande wa kushoto huongeza mbili, maana ndiko lilikofungwa tangi la mafuta.